Nani Kalowesha Kapeti? Washukiwa Kumi wa Kibomba cha Barafu

Tuanze na jimbo la Indiana, maana kesi yote ina mizizi huko. Mwaka 1953 kampuni ya Servel, ya mji wa Evansville kusini mwa jimbo, ilileta sokoni friji ya nyumbani inayotengeneza barafu yenyewe: maji yanaingia kwa bomba, vipande vinadondokea kwenye chombo, mwenye nyumba anachota. Kaskazini mwa jimbo hilohilo, katika kaunti ya Elkhart na viunga vyake, ndiko kunakoundwa magari-nyumba mengi kuliko kokote Marekani, yale mabasi na matrela yenye kitanda, jiko, choo na sebule wanayoyaita RV. Kila mmoja angebaki na lake, tungeishi kwa amani. Lakini akatokea mtu akauliza kwa nini mashine ya barafu isiwekwe ndani ya nyumba inayokimbia maili 65 kwa saa. Hakuna aliyemkamata.

Matokeo yake ni kibomba chembamba cha plastiki, cha robo inchi, kinachochepuka kutoka bomba kuu la maji, kinajipenyeza chini ya sakafu au nyuma ya makabati, kinapanda mgongoni mwa friji na kuishia kwenye trei ya barafu. Kitavuja. Kilichobaki kujulikana ni lini na wapi.

Nayaandika haya hasa kwa ndugu zetu walioko huko, waliostaafu udereva wa malori wakanunua gari-nyumba la mkononi, au waliokodi moja kuwapeleka watoto kuona mabonde ya Utah. Asubuhi ya pili ya safari Mama Neema, mmoja wao, anakanyaga kapeti la ushorobani, soksi inalowa.

"Baba Neema, hapa mbona pamelowa?"

"Neema kamwaga juisi."

"Neema ana miaka ishirini na saba na yuko Houston."

"Basi ni jana alipopiga simu."

Kabla ya kumsingizia binti wa watu, fanya jaribio hili. Funga maji ya kambi, yale yanayoingia garini kwa mpira, washa pampu ya ndani ivute kutoka kwenye tangi, hakikisha koki zote zimefungwa. Pampu itanguruma, itafikisha presha yake, itanyamaza. Keti usikilize. Ikikohoa tena bila mtu kugusa koki, kuna mahali maji yanatoroka. Sasa funga koki ndogo ya mstari wa barafu, yaani ya kibomba chetu. Pampu ikinyamaza moja kwa moja, mhalifu yumo kwenye orodha hii. Ikiendelea kukohoa, baki na namba 7 na namba 5 tu; kama si hao, kaangalie choo.

Ila kuna mtego. Sehemu ya kibomba iliyo mbele ya valvu ya umeme inayoifungulia mashine maji, yaani kutoka kwenye valvu hadi kwenye trei, hupata maji kwa sekunde chache tu kila trei inapojazwa. Ikitoboka huko, pampu itanyamaza vizuri kabisa na kapeti litaendelea kulowa. Hapo ndipo watu huanza kutaja majini na kutafuta ubani.

Jambo moja zaidi, na hili halina utani. Ukifungua kile kifuniko chenye matundu kilicho ubavuni mwa gari kwa nje, nyuma ya friji, utakuta maji, umeme na moto wa gesi vimepangishwa chumba kimoja. Zima vyote vitatu kabla ya kuingiza mkono.

Haya, tuhesabu kwa kurudi nyuma, kutoka kwa mshukiwa aliyeonewa hadi kwa sugu.

10. Jasho la friji

Wa kwanza kukamatwa ndiye asiye na hatia, kama kawaida ya polisi wote. Friji nyingi za magari haya hazina kompresa. Zinatumia joto la mwali wa gesi au la hita kuzungusha amonia, kwa mfumo uliobuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters. Msomaji wa makamo ameshakutana nao: ndio ule wa friji ya mafuta ya taa iliyokuwa ikitunza chanjo kwenye zahanati, yenye utambi chini na muuguzi mkali mbele yake.

Ndani ya friji hii kuna mapezi ya alumini yanayotoa jasho. Jasho hilo hukusanywa kwenye kijibirika, hushuka kwa mrija hadi nyuma na kudondoka nje. Matone machache siku ya joto si kesi. Mrija huo ukichomoka au ukiziba kwa makombo, maji yatajaa chini ndani ya friji na familia nzima itakinyooshea kidole kibomba cha barafu. Urudishe mrija, uzibue, kesi ifutwe.

9. Kilima chenye mandhari nzuri

Mashine ya barafu haina macho. Nyingi za kawaida hufungua maji kwa sekunde saba na nusu hivi, zinaingia mililita kama 140, basi. Haijui kwamba umeegesha upande upande ili kitanda kielekee ziwani. Trei ikiinama, maji yanapita ukingoni, yanashukia kwenye chombo cha barafu na vipande vyote vinashikana kuwa tofali. Sawazisha gari. Na saa kadhaa kabla ya kuondoka, inua ule mkono wa waya ili mashine ijizime, maana trei iliyojaa maji mabichi na kona za milima ya Colorado havijawahi kupatana.

8. Valvu ya umeme

Chini nyuma ya friji kuna valvu ndogo yenye nyaya mbili. Mashine ikitaka maji inaipa umeme, valvu inafunguka. Umeme ukikatika, inajifunga. Lakini inajifunga kwa kusaidiwa na presha ya maji yenyewe, na hili huwashangaza wengi. Presha ikishuka mno, chini ya paundi 20 kwa inchi ya mraba, valvu inalegea na maji yanaendelea kupenya tone kwa tone. Yule bwana aliyeambiwa apunguze presha, akaipunguza mpaka bafu likawa linatema mate, ndiye anayelalamika kwamba trei inafurika.

Mwenzake presha ndogo ni mchanga. Chembe moja kutoka kwenye tangi ikikaa mahali valvu inapofungia, haifungi. Chomoa waya wa valvu: maji yakiendelea kuingia kwenye trei na umeme haupo, umemkamata. Usikae mezani na bisibisi ndogo ukimfanyia upasuaji. Ni kipuri cha bei nafuu. Nunua kingine, na kabla yake weka kichujio.

7. Koki ya kutoboa

Hii ni kazi ya fundi aliyekuwa na njaa. Badala ya kukata bomba kuu na kuweka kiungo cha T, alilizungushia kibanio chenye sindano, akakaza, sindano ikatoboa, maji yakatoka, akaenda kula. Tundu lenyewe ni dogo na linaziba kwa chokaa. Raba inayolizunguka inakauka. Na kila gari linapotikisika kibanio kinasogea unywele mmoja. Kanuni za ufundi bomba katika sehemu nyingi za Marekani zinakikataa kidude hiki. Kata bomba, weka T yenye koki ya robo mzunguko. Fundi mwenye njaa mnunulie chakula kwanza.

6. Mtikisiko

Nyumba ya kawaida haiendi popote. Hii inaruka mashimo, inapita reli, inapigwa na upepo wa malori, na kwa kila kiungo cha bomba safari ya siku moja ni tetemeko la ardhi la saa nane. Ndiyo maana bomba la kopa linalong'aa, ambalo kwenye nyumba ya matofali lingesifiwa na mwenye nyumba mpaka na jirani yake, humu ni balaa. Kopa ikitikiswa muda mrefu huzidi kuwa ngumu, halafu inapasuka palepale karibu na nati. Bomba la plastiki aina ya PEX, au plastiki laini nyingine, linapinda na kurudi. Ukikuta kopa nyuma ya friji, ishukuru kwa utumishi wake, uistaafishe.

Halafu kuna anasa ya sebule inayotembea. Unabonyeza kitufe, ukuta mzima unatoka nje, friji ikiwa ndani yake. Kibomba nacho lazima kiende na kirudi. Kama hakikuachiwa mkunjo wa kutosha, au kinasugua ukingo wa chuma kila ukuta unaposogea, kitakatika, na kitachagua siku mliyoalika wageni. Fungua kifuniko kwa chini, mwombe mwenzako atoe na kurudisha ukuta polepole, wewe ukitazama kibomba kinavyotembea. Pale kinapogusa chuma, kivalishe mpira mnene. Kishikize kwa vibanio vyenye raba, bila kukikaba koo.

Kati ya mwaka 1959 na 1960 Wally Byam, mwasisi wa matrela ya Airstream, aliongoza msafara wa matrela hayo kutoka Cape Town hadi Cairo, akipita na huku kwetu Afrika Mashariki. Nikiwaza barabara za miaka ile, kibomba cha plastiki chenye nati mbili kingefika Cairo kikiwa bustani ya manyunyu.

5. Bomba la kijivu

Ukinunua gari-nyumba la mkononi lililoundwa kati ya mwaka 1978 na 1995, muuzaji atakuonyesha televisheni. Wewe piga magoti, washa tochi, tazama chini ya sinki. Ukiona bomba la rangi ya kijivu iliyofifia, funga mkoba wako kwanza.

Hiyo ni polibutilini. Ilikuwa rahisi na nyepesi, ikaenea kwenye nyumba na magari-nyumba, hadi ilipobainika kwamba klorini ya maji ya mjini huila taratibu, yenyewe pamoja na viungo vyake vya plastiki. Kesi ya pamoja, Cox dhidi ya Shell, ilimalizwa mwaka 1995 kwa mfuko wa karibu dola milioni 950. Muda wa kudai ulishapita, kwa hiyo usihangaike na wakili. Na usitengeneze kiungo kimoja ukajipongeza, maana kesho kitavuja cha jirani yake. Ng'oa lote, weka PEX, na upunguze bei ya muuzaji kwa hasira ya kistaarabu.

4. Presha ya kambi

Pampu ya ndani ya gari ina adabu: nyingi hujizima kwenye paundi 45 hadi 55. Bomba la kambi halina malezi hayo. Kambi ikiwa bondeni na tangi lake kilimani, usiku wa manane wapiga kambi wote wakiwa wamelala na hakuna anayetumia maji, presha inaweza kupita paundi 80. Kibomba chako kinalia peke yake gizani.

Dawa ni kidhibiti presha, kipande cha shaba kinachofungwa kwenye bomba la kambi kabla ya mpira wako, ili na mpira wenyewe upone. Nunua chenye geji na skrubu ya kurekebisha, kiweke kati ya 45 na 50. Vile vidogo visivyo na geji hupunguza presha na mtiririko kwa pamoja, ukabaki umesimama bafuni na sabuni machoni. Huwa nashangaa mtu aliyelipa bei ya nyumba kwa gari, akasimama dukani nusu saa akijiuliza kama kidhibiti cha makumi machache ya dola si israfu.

3. Robo inchi ambayo si robo inchi

Hapa ndipo wanaume wazima hurudi dukani mara tatu siku moja, na mara ya tatu hawasalimii.

Kibomba cha barafu cha robo inchi hupimwa unene wake wa nje: 1/4 kamili, milimita 6.35. PEX ya robo inchi inaitwa hivyo kwa jina tu. Unene wake wa nje ni 3/8, milimita 9.5. Vyote vimeandikwa 1/4, na dukani hutundikwa ukuta mmoja. Viungo vyake haviingiliani, ingawa ukisukuma kwa imani vinaweza kujifanya vimeingiliana hadi usiku.

"Nataka kiungo cha robo."

"Robo ya nje au robo ya jina?"

"Robo ya kwangu."

Beba kipande ulichokata. Kiweke kaunta. Acha kieleze chenyewe.

Kuhusu viungo vya kusukuma, ambavyo havihitaji spana wala moto: ni vizuri, kwa masharti. Ndani kuna meno ya chuma yanayokamata kibomba na ringi ya mpira inayozuia maji. Ringi hiyo haitaki mzaha. Kata kwa mkasi wa mabomba, mkato uwe mraba. Kisu cha jikoni hukata upogo na upande mmoja hautafika. Pangusa ncha. Tazama ngozi ya kibomba: mkwaruzo wa urefu, hata mwembamba, ni njia ya maji ambayo ringi haiwezi kuiziba, kwa hiyo kata tena mbele yake. Weka alama ya kalamu kuonyesha kina cha kuingia, sukuma mpaka alama ifike mdomoni, halafu vuta kwa nguvu kuhakikisha meno yameshika. Kibomba kitoke kwenye kiungo kimenyooka kwa urefu wa kidole au zaidi ndipo kianze kupinda. Kikipindia palepale mdomoni kitaegemea ringi upande mmoja, na utaona tone baada ya wiki mbili, ukiwa umeshajisifu kwa shemeji.

2. Nati, ringi, na kile ulichosahau

Kiungo cha kubana kina vitu vitatu: nati, ringi, na kimrija kifupi kinachoingizwa ndani ya ncha ya kibomba cha plastiki ili kisinywee nati inapokazwa. Watu hukumbuka viwili. Bila hicho cha tatu, plastiki inakubali kubanwa leo, inasogea kesho, na keshokutwa nati uliyoikaza mwenyewe inazunguka kwa vidole.

Mpangilio ni nati kwanza, ringi baadaye, kimrija ndani ya ncha, ndipo ncha iingie. Ukigundua umesahau nati baada ya ringi kuuma, kata, anza upya, na usimweleze mtu. Kwa kibomba cha plastiki tumia ringi ya plastiki. Ya shaba huuma mno. Na ringi iliyokwisha kubanwa hairudiwi.

Sasa tepu nyeupe. Najua unaipenda. Fundi bomba yeyote wa Kiswahili akikosa tepu mfukoni anajihisi uchi. Lakini kwenye kiungo cha kubana, uzi wa nati hauzuii maji. Kazi yake ni kusukuma ringi. Tepu hapo haisaidii kitu. Ihifadhi kwa viungo vya uzi uliochongoka, ambako maji huzuiwa na uzi wenyewe.

Kukaza nako kuna elimu yake. Kaza kwa vidole mpaka ikatae, halafu spana, mzunguko mmoja hivi, ujaribu maji. Ikitokwa na tone, ongeza kidogo. Shika spana mbili: moja kwenye nati, nyingine imzuie mwenzake, kwa sababu upande wa pili mara nyingi ni uzi wa plastiki wa valvu, na ukiupasua umehamia mshukiwa namba 8 kwa gharama zako.

"Baba Neema, kinavuja."

"Ngoja nikaze."

"Sasa kinavuja zaidi."

"Ngoja nikaze tena."

"Sasa kinavuja na upande wa pili."

"Si ndiyo maana tulikuja na ndoo?"

1. Baridi

Ndiye. Wengine wote huvuja kwa kutojua, huyu hupanga.

Friji ya gesi lazima ipumue, kwa hiyo nyuma yake kuna chumba chenye matundu makubwa chini na juu, hewa ya nje ipite. Na sehemu ya mwisho ya kibomba, pamoja na valvu, ipo humohumo. Wewe ndani una hita, blanketi na chai ya tangawizi. Kibomba kiko nje na theluji, hatua moja kutoka kitandani kwako, na hakuna aliyekiuliza.

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. PEX inaweza kutanuka ikavumilia. Mwili wa valvu hauwezi, nati ya plastiki haiwezi, kiwiko hakiwezi. Vinapata ufa. Na hapa ndipo ujanja ulipo: barafu iliyopasua ndiyo hiyohiyo inayoziba ufa. Jinai inatendeka Januari, kesi inafunguliwa Mei, familia ikiwa tayari barabarani na kachumbari imeshakatwa.

Baadhi ya friji hutoka kiwandani na waya wa kupasha joto uliozungushwa kwenye kibomba hicho, wa volti 12. Uguse siku ya baridi uone kama una joto. Gari lililoegeshwa na betri imezimwa, waya huo ni pambo.

Kwa hiyo kabla ya baridi kuingia, fanya kazi hii bila kuikatiza. Zima mashine ya barafu. Funga koki ya mstari, achia presha kwa kufungua koki ya sinki. Nenda nyuma, legeza kibomba pande zote mbili za valvu, maji yachuruzike kwenye sufuria. Puliza hewa ya kompresa kwa upole, paundi 30 hadi 40, mpaka kitoke kikavu. Rudisha kwa kukaza kwa adabu tuliyoieleza. Valvu yenyewe hubakiza maji tumboni, hivyo wenye bidii huivua wakaihifadhi ndani.

Wengine hupitisha dawa ya kuzuia kuganda, ya rangi ya waridi, kwenye mabomba yote. Ni sawa, mradi iwe propilini glaikoli iliyotengenezwa kwa mabomba ya maji ya kunywa. Ile ya injini ni habari nyingine: nyingi zina ethilini glaikoli, nayo ni sumu inayoua. Isikaribie kabisa mabomba haya, hata kama ndiyo iliyopo gereji na duka limefungwa. Na masika ikifika, barafu ya kwanza na ya pili uitupe, hata kama rangi yake inapendeza kwenye picha.

Wastaafu wengi wa Kimarekani wamepata jibu fupi zaidi. Kila majira ya baridi wanaelekea Quartzsite, jangwani Arizona, magari-nyumba kwa maelfu, wakae juani kwa kaptura. Wanasema wanafuata utulivu. Mimi nadhani wanaokoa valvu.

Hukumu

Ukihesabu washukiwa wote, utaona kibomba chenyewe katikati yake ni mara chache kimekosa. Makosa yako kwenye ncha: pale mtu alipokata, alipobana, aliposahau. Kwa hiyo usiunge viraka. Ukipata mvujo wa pili kwenye mstari uleule, vuta kibomba kizima, pitisha kipya kisicho na kiungo hata kimoja kati ya koki na valvu, kifuate njia ya ndani yenye joto kadiri inavyowezekana. Koki ya kufungia iwe mahali unapoweza kuifikia usiku bila kuhamisha kitanda. Jaribu na pampu, zungushia kila nati kipande cha tishu kavu, subiri saa nzima. Tishu haijui kudanganya. Baada ya safari ya kwanza, rudia.

Wala usichelewe. Sakafu za magari haya ni plaiwudi juu ya sufi ya kuhifadhi joto, na chini kabisa mengi yamefungwa karatasi ngumu ya plastiki inayoyashika maji yasidondoke chini ukayaona. Kijitone cha kila siku kinaozesha humo kimya kimya, halafu maji yanatokeza mita tatu mbali na friji. Kanyaga sakafu mbele ya friji kwa kisigino. Ikibonyea, hii si kazi ya spana tena.

Na kama barafu unaitumia Krismasi na siku ya kuzaliwa ya mjukuu tu, sikia neno langu: tenganisha kibomba kwenye T, weka kofia ya kuziba, mashine izimwe daima. Kila kituo cha mafuta Marekani kinauza mfuko wa barafu kwa dola chache, na haujawahi kuozesha sakafu ya mtu.

Vyovyote utakavyoamua, kabla ya kupanda kitandani usiku wa leo, zima pampu na ufunge maji ya kambi.